Umeme Usio na Mwenyewe

MWANANCHI wa Unguja anapowasha taa yake wakati wa Magharibi ni nadra kukumbuka kwamba umeme ule umetoka bara, ukapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na kwamba kabla ya kuvuka ulikuwa katika gridi ile ile inayoulisha mji wa Dar es Salaam. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, nao ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Pemba nayo imeungwa na Tanga tangu mwaka 2010. Kwa hiyo tunapozungumza leo habari ya umeme unaotumika katikati ya jiji la Dar es Salaam, tangu Posta hadi Kariakoo, tusidhaniwe kuwa tunachungulia jikoni kwa jirani. Chungu ni kimoja, na sisi wa visiwani tumekaa mwisho wa waya.

Jambo lenyewe linahusu vyumba ambavyo mwananchi wa kawaida haviingii. Katika kila ofisi kubwa ya umma, kila benki na kila shirika, kuna chumba chenye makabati ya chuma, na ndani ya makabati hayo zimo kompyuta zisizo na kioo wala kibao cha kuchapia, ambazo hazilali usiku wala mchana. Hizo ndizo seva, na chumba chao, kikiwa kikubwa, huitwa kituo cha data. Mfanyabiashara kutoka Wete mwenye duka lake Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anapouza robota la kanga, akapokea fedha kwa simu na kumpa mteja risiti ya mashine, amezigusa seva mbili tatu bila kujua. Mzee anayesubiri pensheni yake, mwanafunzi anayelipia skuli kwa namba ya malipo ya Serikali, msafiri anayekata tiketi ya boti, wote wamo humo. Hatuna ugomvi na seva. Wale wanaozililia foleni za zamani, tunadhani, wamesahau jinsi foleni zenyewe zilivyokuwa.

Hivi karibuni tulipata nafasi ya kuingia katika chumba cha namna hiyo, katika ofisi moja iliyo kati ya Posta na Mnazi Mmoja (ile ya Dar es Salaam, si yetu ya Unguja). Ofisi yenyewe hatutaitaja, kwa kuwa tumesikia habari kama zake katika nyingine nyingi, na kuitaja moja kungekuwa sawa na kuzisafisha zilizobaki. Nje, jua lilikuwa limewafukuza hata wauza maji kivulini. Ndani tulitamani koti. Viyoyozi vinne vilikuwa vinavuma, vyote vimewekwa nyuzi 16, na baridi iliyotoka humo ilipita juu ya makabati, ikachanganyika na joto lililotemwa na seva zenyewe, kisha ikarudi ilikotoka bila kufanya kazi iliyotumwa. Dirisha moja lilikuwa limezibwa kwa ubao, na kati ya ubao na ukuta palikuwa na upenyo wa kupitisha mkono. Kijana anayezihudumia mashine hizo, mtu msikivu na mwenye kuipenda kazi yake, alituhesabia seva moja moja. Zilipofika kumi na saba alikiri kwamba tano kati yake hajui zinafanya kazi gani. Alizikuta alipoajiriwa. Taa zinawaka, feni zinazunguka, naye anaogopa kuzizima, isije ikawa mojawapo ndiyo inayolipa mishahara.

Tukamwuliza chumba kile kinakula umeme wa shilingi ngapi kwa mwezi. Alitutazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua. Bili, alisema kwa adabu, huenda utawala.

Tukashuka ghorofa mbili hadi kwa ofisa anayesimamia majengo. Bili anazo, tena amezipanga katika jalada kwa mwezi na mwaka. Lakini ni bili za jengo zima: lifti, pampu ya maji, taa, viyoyozi vya maofisa, na hicho chumba. Sehemu ya chumba ni ipi? Hajui, wala hana njia ya kujua, maana mita ni moja tu na iko chini barabarani. Na kuingia humo ndani haruhusiwi, kwa sababu za usalama wa kumbukumbu. Mhasibu, tuliyemwona mwisho, alitueleza kwa ufupi kwamba yeye hulipa kinacholetwa kikiwa na saini. Na mashine zenyewe zilinunuliwa na kamati ya zabuni, ambayo ilichagua bei ya chini kama ilivyoagizwa, ikavunjika.

Tungekuwa wepesi wa lawama tungeandika hapa maneno yale tuliyoyazoea, uzembe na ubadhirifu, tukamaliza. Lakini hatukumwona mzembe katika jengo lile. Tuliwaona watumishi wanne waaminifu, kila mmoja akitimiza wajibu aliopewa, na umeme ukipotea katikati yao kama maji yanavyopotea kwenye maungio ya mabomba, si kwenye bomba lenyewe. Mtu wa TEHAMA anapimwa kwa jambo moja: mtandao usikatike. Kwake yeye baridi ikizidi ni salama zaidi, na mashine ya ziada ni kinga ya ziada. Mtu wa majengo anapimwa kwa paa lisivuje na lifti isikwame. Mtu wa zabuni anapimwa kwa bei ya siku ya kununua, ingawa mashine iliyo rahisi dukani mara nyingi huwa ghali ukutani, mwaka baada ya mwaka. Mhasibu anapimwa kwa hati zilizokamilika. Hapana hata mmoja anayepimwa kwa uniti iliyopotea. Umeme wa chumba kile hauna mwenyewe.

Na upotevu si mdogo. Tangu mwaka 2007 wataalamu wa vituo vya data duniani wana kipimo chao, ambacho hata sisi tusio mafundi tunaweza kukielewa. Chukua umeme wote unaoingia katika kituo, ugawe kwa umeme unaofika kwenye seva zenyewe. Kama kituo kinavuta kilowati 200 na seva zinatumia 100, jibu ni 2, yaani kila uniti inayofanya kazi inafuatana na nyingine inayopoza, inayobadilisha na inayopotea. Makampuni makubwa kama Google yamefika karibu na 1.1. Wastani wa vituo vinavyojibu maswali ya Uptime Institute, taasisi inayochunguza mambo haya, umekuwa ukicheza kati ya 1.5 na 1.6 kwa miaka kadhaa sasa. Chumba tulichokiona sisi ni ngapi? Jibu halipo, kwa kuwa ili kugawa unahitaji tarakimu mbili, na pale hapana hata moja.

Kuhusu zile nyuzi 16, wahandisi wa Marekani wanaoweka kanuni za upoozaji walikwisha kutoa tangu mwaka 2008 mwongozo kwamba hewa inayoingia katika seva inaweza kufika nyuzi 27 bila madhara. Tunasema hewa inayoingia, si hewa ya chumba kizima, na hapo ndipo penye ufundi: kuyapanga makabati mgongo kwa mgongo ili baridi ipite mbele na moto utoke nyuma, kuziba mapengo ya kabati kwa vibao, kuziba dirisha. Ni kazi ya seremala na fundi wa viyoyozi kuliko ya mtaalamu kutoka ng'ambo. Na zile seva tano zisizo na kazi zina madhara maradufu, kwani seva isiyofanya lolote huendelea kula sehemu kubwa ya umeme ambao ingekula ikiwa kazini. Kila joto inalotoa lazima kiyoyozi kilifukuze, na kila wati ya kiyoyozi lazima jenereta liweze kuibeba siku umeme ukikatika. Kwa hiyo hata jenereta lililonunuliwa ni kubwa kuliko lililohitajika, na dizeli yake ni nyingi kuliko iliyohitajika.

Lakini angalia jinsi dawa yenyewe ilivyogawanyika. Kupanga makabati ni kazi ya TEHAMA. Kiyoyozi ni cha majengo. Fedha za ubao na vibao ziko kwa mhasibu. Kuizima seva kunahitaji ruhusa ya idara iliyoiomba miaka saba iliyopita, ambayo huenda imekwisha kuhamia Dodoma. Na pale ofisi inapopanga katika jengo la watu wengine, anaongezeka mwenye jengo, ambaye bili haimhusu na ukuta ni wake.

Hali hii si ngeni kwetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia Hazina mwaka 1965, na kufikia mwaka 1974 Serikali ililazimika kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya gharama kubwa na vurugu ya hesabu. Wengi leo hulisimulia tukio hilo kwa kucheka, kama kwamba wazee wetu waliogopa mashine. Sisi tunalisoma vingine. Mashine ilikuja kabla ya watu wa kuiendesha kuandaliwa, wataalamu walikuwa wa kuazima, na yule aliyejua mashine hakujua hesabu za nchi, na aliyejua hesabu hakujua mashine. Marufuku iliondoka na wakati. Ukuta uliobaki kati ya mtu wa mashine na mtu wa hesabu, tunaouona leo mlangoni mwa chumba cha seva, ndio ule ule.

Na mfano wa kinyume chake tunao papo hapo Kariakoo. Soko lililofunguliwa mwaka 1975, kwa michoro ya Ndugu Beda Amuli, lilijengwa na paa la miavuli ya zege ambayo hupitisha hewa kwa wauzaji na hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka katika matangi chini ya ardhi. Paa, hewa na maji vilifikiriwa kwa pamoja, katika karatasi moja. Soko liliungua Julai 2021, jambo lililowaumiza wengi wakiwamo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wenye biashara mitaa ile, lakini wazo lililokuwa katika paa lile halikuungua. Leo majengo ya ghorofa nyingi yanayolizunguka soko hilo yana viyoyozi vinavyotemeana joto dirisha kwa dirisha, mtaa mzima, na katika mgao wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 jenereta zilikuwa zikivuma juu ya vijia hadi muuzaji na mnunuzi wakapatana bei kwa vidole.

Tunajua yuko atakayetujibu kwamba hayo ya mgao yamepita. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme Februari 2024, na kufikia mwaka 2025 mitambo yake yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikuwa imekamilika. Ni kazi ya kujivunia, nasi tunajivunia. Lakini umeme ulioko Rufiji si umeme ulioko ukutani. Machi 2025 Serikali yenyewe ilieleza kusudio la kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na hoja mojawapo ilikuwa upotevu unaotokea katika njia ndefu za kuusafirisha. Katikati ya jiji, njia ni za zamani na mahitaji yanapanda kila jengo jipya linapoinuka. Kwa visiwa, mlango ni ule ule wa nyaya za chini ya bahari, na mlango haupanuki kwa sababu ghala limejaa.

Wenye umri wetu visiwani hawana haja ya kukumbushwa Mei 2008, Unguja ilipokaa gizani kwa takriban mwezi mzima, wala Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu. Sababu ilikuwa hitilafu katika njia hiyo ya umeme, si matumizi ya mtu yeyote Dar es Salaam, na hatutaki kumzulia mtu. Tunachosema ni kwamba aliyebeba maji kwa madumu kwa sababu pampu haikuwa na umeme, aliyeona samaki wake wakioza Malindi, huijua thamani ya uniti kwa namna ambayo mtu wa ghorofani huenda haijui. Chuoni tulifunzwa kwamba hata mwenye kutawadha ukingoni mwa mto hana ruhusa ya kumwaga maji ovyo. Mwalimu wetu hakuwa na habari ya seva.

Yako mataifa yaliyolichelewesha jambo hili yakajikuta pabaya. Ireland, ambayo ni nchi ya kisiwani kama sisi, iliyavuta makampuni ya data kwa miaka mingi, na mwaka 2023 vituo hivyo vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita nchini humo, zaidi ya ule uliotumiwa na nyumba zote za mijini. Mji wa Dublin ukalazimika kuwafungia mlango waombaji wapya. Kwa dunia nzima, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vilikula takriban asilimia 1.5 ya umeme mwaka 2024, na kwamba kiasi hicho huenda kikaongezeka maradufu ifikapo 2030. Sisi bado tuko mwanzo. Ni rahisi kuzoea desturi njema chumba kikiwa cha seva kumi na saba kuliko kikiwa na elfu kumi na saba.

Tunapendekeza basi mambo machache, nayo tunayaelekeza kwa makatibu wakuu na wakuu wa taasisi, si kwa vijana wa mitambo. La kwanza na la lazima ni mita. Kila chumba cha seva kiwe na mita yake, na kila mwezi isomwe na watu wawili kwa pamoja, wa TEHAMA na wa majengo, nao waweke saini zao katika karatasi moja. Tunasisitiza pamoja. Wakisoma kila mtu peke yake watapeleka ripoti mbili, na ripoti mbili zitapata majalada mawili. Kisha gharama ya umeme ule iandikwe katika fungu la idara inayoendesha mashine, na wakiokoa, sehemu ya walichookoa ibaki kwao kwa ajili ya matengenezo. Maana asiyenufaika na kuzima hana sababu ya kuamka kuzima. Zabuni nazo zihesabu umeme wa miaka yote ambayo mashine itaishi, si bei ya siku ya kwanza tu. Na seva isiyojulikana kazi yake itangazwe kwa idara zote kwa muda maalumu, asipojitokeza mwenyewe izimwe, mbele ya mashahidi, na isiondolewe mpaka mwezi wa mishahara upite. Kijana yule tuliyemwona angelala usingizi.

Lipo la pili, ambalo ni zito zaidi. Vyumba hivi vidogo vidogo, hata vikitengenezwa vyote, havitashindana na kituo kimoja kikubwa kilichojengwa kwa kazi hiyo. Serikali ilijenga Kituo cha Taifa cha kuhifadhi data pale Kijitonyama, kikasimamiwa na TTCL, na Sheria Na. 10 ya mwaka 2019 iliiweka Mamlaka ya Serikali Mtandao ili kuziratibu taasisi za umma katika mambo haya. Hata hivyo ziko taasisi ambazo bado zinataka seva iwe ndani ya nyumba yao, kama mtu anayetaka kisima uani kwake ingawa bomba limepita mlangoni. Mkubwa asipoziona taa zikimetameta haamini kwamba kumbukumbu ni zake. Tunaielewa hofu hiyo, wala si yote ya kupuuzwa: Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipopata hitilafu, nchi nzima ilionja maana ya kutegemea njia chache. Anayehamia kituo cha pamoja apewe njia mbili za mawasiliano na nakala mahali pengine. Hapo ndipo visiwa vinapoingia, na vinaingia kama mshirika, si kama mwombaji. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Serikali Mtandao, ina Shirika lake la Umeme. Bara ina zake. Nakala za upande mmoja zinaweza kulala salama upande wa pili, mradi wanne hao wakae meza moja na kukubaliana nani analipa umeme wa nani. Wasipokubaliana hilo tangu mwanzo, tunajua yatakayofuata, kwani tuliyaona Machi 2017, ilipotolewa amri ya kuwakatia umeme wadaiwa sugu na deni la Zanzibar likawa gumzo la nchi nzima.

Tulipoaga, ofisa wa majengo alitusindikiza hadi kwenye ngazi, akatuuliza mita ndogo ya chumba kimoja inagharimu kiasi gani. Kijana wa mitambo, aliyekuwa ameshuka kutuletea kitabu tulichokisahau, alimjibu kabla yetu. Alikuwa anaijua bei. Walikuwa wamefanya kazi katika jengo hilo kwa miaka minne, na kwa mujibu wa maneno yao wenyewe, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza kuhusu umeme. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai, na maombi ya mita hiyo, tuliambiwa, yatahitaji saini ya kila mmoja wao. Tutarudi Julai kuuliza.